Kujua Wema na Kuwa Mwema

Je, mtu akijua wema, amekwisha kuwa mwema? Swali hili ni la kale sana. Wayunani walilishindania katika mji wao wa Athene, yapata miaka mia nne kabla ya kuzaliwa kwake Kristu, wala halijazeeka.

Huko Athene alikuwako mzee mmoja, jina lake Socrates. Yeye hakuandika kitabu. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu sokoni: haki ni nini? ushujaa ni nini? Wengi waliojidhania kuwa wanajua, wakaonekana hawajui. Socrates alishika neno hili: hakuna mtu atendaye ubaya kwa kuupenda ubaya, amekosa ujuzi tu, amedhani ubaya ni faida yake. Basi dawa ya uovu ni kujua. Mwaka wa 399 kabla ya Kristu alishitakiwa kwamba anawapotosha vijana wala haiheshimu miungu ya mji, akahukumiwa kunywa sumu. Rafiki zake walitaka kumtorosha gerezani, naye akakataa, kwa kuwa kutenda yasiyo haki aliona ni hasara kuliko kufa.

Mwanafunzi wake alikuwa Plato, na mwanafunzi wa Plato alikuwa Aristoteles, aliyezaliwa Stagira mwaka wa 384, mwana wa mganga wa mfalme wa Makedonia. Huyu aliwaheshimu waliomtangulia, lakini neno la Socrates halikumtosha. Maana wako watu wajuao vema kwamba ulevi utawaharibu, nao hunywa. Ujuzi wanao; wamepungukiwa na kitu kingine.

Kitu hicho ni nini? Aristoteles alijibu: ni mazoea. Mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga zeze kwa kupiga zeze. Vivyo hivyo mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, na shujaa kwa kusimama imara penye hofu. Mwanzoni ni kazi ngumu. Akidumu, moyo wenyewe huipenda kazi hiyo. Tena fadhila hukaa katikati ya makosa mawili. Mwoga hukimbia kila kitu, na mwenye pupa hujitupa hatarini bure; shujaa hupita katikati yao. Bahili hatoi, mbadhirifu hutapanya. Mkarimu humpa apasaye kupewa, kwa kadiri ipasayo, naye hufurahi kutoa.

Na juu ya wanaoanza masomo alifundisha kwamba waweza kuyapanga maneno ya elimu kabla hawajaielewa, kwa sababu elimu haina budi kuota ndani yao, na kuota kwataka wakati.

Lakini mazoea nayo si mwalimu asiyekosa. Kwa Wayunani utumwa ulikuwa desturi, na Aristoteles, pamoja na akili zake nyingi, alifundisha kwamba watu wengine huzaliwa wawe watumwa. Hapo alikosa kabisa. Mtu huzoea ubaya kama azoeavyo wema, hata asiuone tena. Kwa hiyo maswali ya Socrates yangali yanahitajiwa: desturi hii tuliyoizoea, je, ni haki?

Miaka mingi baadaye Mtakatifu Thomas wa Aquino (1225–1274) alikifafanua kitabu cha Aristoteles juu ya maadili. Na zile fadhila nne ambazo Plato alizitaja kabla yake, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, zimo katika katekisimu mpaka leo.

Mkatekumeni aweza kuzitaja zote nne bila kusita siku ya kuulizwa. Ni vema, maana asiyezijua atazitafutaje? Lakini siku ya pili anamkuta jirani amelisogeza jembe lake ndani ya mpaka wa shamba, na watu wanatazama. Hapo hakuna amwulizaye maneno. Akiizuia hasira, akaenda kusema naye kwa upole mbele ya wazee, ametenda tendo moja la kiasi na moja la haki. Bado hajawa mtu wa kiasi. Tendo moja halitoshi. Lakini mara nyingine, jirani mwingine akimkosea, itakuwa rahisi kidogo kuliko jana.