Twende Tukaone Mashimo

Masomo: Luka 13:6–9, 1 Wafalme 21:1–16

Septemba ndio mwezi usiopendeza kabisa wa kumwonyesha mgeni shamba la Mwingi, na kwa sababu hiyohiyo nawaomba tuutumie kutembeleana. Mbuzi wamemaliza mabua, mto Tyaa ni mchanga mtupu, upepo unapeperusha vumbi hadi ndani ya vikombe vya chai. Kijani kilichobaki ni cha mikwaju na cha miembe yenye maua.

Vikundi vyetu vya wakulima vimezoea kutembeleana mvua ikishanyesha, mwezi wa Desemba au Januari, ndengu zikiwa zimejaa na kunde zimetambaa mpaka njiani. Hapo ndipo watu huchanga nauli, hukodi matatu, huvaa vizuri na kupiga picha. Ni furaha halali na ninaipenda. Lakini Januari iliyopata mvua nzuri hulifanya kila shamba lionekane la mtu hodari. Septemba haimpambi mtu. Ukiingia kwa jirani sasa utaona kama matuta yake ya fanya juu yametengenezwa au yamebomoka, kama samadi imerundikwa mahali pake au bado iko zizini, na zaidi ya yote utaona kama amechimba.

Mfano wa mtini alioutoa Bwana Yesu ni habari ya ziara ya namna hii. Mwenye shamba anakuja miaka mitatu mfululizo akitafuta tunda, hapati, anaamuru mti ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja tu. Angalieni anachoomba aachiwe akifanye: auchimbulie mti udongo pande zote na kuutilia samadi. Mmoja ametazama juu kwenye matawi, mwenzake anatazama chini shinani, na wote wawili wamesimama penye mti uleule. Luka hatuambii kama mtini huo ulizaa mwaka uliofuata. Habari inakomea kwenye jembe na samadi, nami naamini ndipo Bwana alipotaka macho yetu yakomee.

Wengi wenu mnayajua mashimo ya zai, yale tunayoyaita pia mashimo ya mbegu tisa. Futi mbili kwa futi mbili, na kina futi mbili. Udongo wa juu unatengwa, unachanganywa na samadi na kurudishwa, lakini shimo halijazwi hadi juu, ili maji yapate pa kutuama. Kisha zinapandwa punje tisa. Ukisimulia ni jambo jepesi. Ukishika sululu mwezi huu, katika udongo wetu uliokauka, ni jambo jingine kabisa, na mama wa miaka sitini anayechimba matano kabla jua halijakuwa kali amefanya kazi ambayo vijana wengi wangeikimbia. Hana budi kuyachimba sasa. Mvua ya nthwa, ile ya Oktoba hadi Desemba tunayoitegemea kuliko ya Machi, huja kwa kishindo kwa siku chache, na maji yasiyokuta shimo hukimbilia mtoni yakiwa yamebeba udongo wa juu wa shamba.

Mbinu hii ilitufikia kutoka mbali, katika nchi za Sahel. Kaskazini mwa Burkina Faso palikuwa na mkulima aitwaye Yacouba Sawadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukame ukiwafukuza watu vijijini, yeye alibaki. Aliyachukua mashimo madogo ambayo wazee wa kwao walikuwa wakichimba, akayapanua, akayatia samadi, na akayachimba wakati wa kiangazi, kabla hata ya wingu moja kuonekana. Watu walisema amerukwa na akili. Samadi iliwavuta mchwa, mchwa wakatoboa ardhi iliyokuwa ngumu kama saruji, mvua ilipokuja maji yakapenya. Mtama ukaota, na kati ya mtama ikaota miti, mpaka baada ya miaka mingi mahali palipokuwa uwanja mkavu pakawa msitu. Alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, na alifariki mwaka 2023. Alikuwa Mwislamu aliyesomea chuo cha Kurani utotoni, na sioni haya kumweka mbele ya kanisa hili kama mfano.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi alivyotumia shamba lake baada ya kufaulu. Aliandaa siku za soko shambani mwake. Wakulima wa vijiji vingi walikuja na mbegu zao, wakatembezwa kwenye mashimo, wakauliza, wakabadilishana mbegu wakaenda. Mtu aliyeitwa mwendawazimu alifungua lango lake na kufundisha bure. Sisi huku, tukipata aina nzuri ya ndengu, wakati mwingine tunaificha hata kwa dada wa tumbo moja.

Kazi iliyofichika iko kila mahali katika nchi yetu kavu. Tunapopita kwa mtu mwenye mikau iliyonyooka, tunaanza kukadiria bei ya mbao, kwa sababu tunajua mbao ya mukau haiogopi mchwa. Nani anauliza habari za mbegu? Mbegu ya mukau imefungiwa ndani ya kokwa ngumu, na ukiifukia hivyohivyo unaweza kungoja bure. Watafiti wa misitu wa KEFRI pale Kitui wamewafundisha wakulima kulipasua kokwa bila kuiumiza mbegu, kisha kuikwaruza na kuiloweka. Mti mmoja uliosimama ukingoni mwa shamba una mtu aliyekaa kivulini na kisu, akaharibu mbegu nyingi kabla ya kupata moja nzima. Vilevile bwawa la mchanga. Ukipita juu yake Septemba unaona mchanga tu kama mahali pengine popote mtoni. Huuoni ukuta uliojengwa na mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, akina mama wakibeba mawe vichwani, wala maji yaliyohifadhiwa chini ya mchanga huo ambako jua haliyafikii.

Sasa twende kwa Mfalme Ahabu, kwa maana naye alitazama bustani ya jirani. Shamba la mizabibu la Nabothi lilikuwa karibu na ikulu huko Yezreeli. Ahabu alilitaka liwe bustani yake ya mboga. Alitoa bei nzuri, hata akaahidi kubadilishana na shamba bora zaidi. Nabothi alikataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akajilaza kitandani, akageuzia watu kisogo, akakataa kula, na mwisho wake tunaujua: Yezebeli mkewe, mashahidi wa uongo, mawe. Nimeisoma sura hiyo tena wiki hii nikitafuta kitu kimoja. Ahabu haulizi hata mara moja jinsi Nabothi alivyoitunza mizabibu ile. Hataki kujua ilipandwa na nani, wala inapogolewa lini. Ameona mahali palipo karibu na nyumba yake, basi.

Ndiyo tamaa ilivyo. Inaona tunda bila kuona shimo. Amri ya kumi haitukatazi kulitazama shamba la jirani, na wala dawa ya wivu si kukaa nyumbani usione ya wenzako. Aliyeona vidonda vya mikono ya jirani yake, akajua ni asubuhi ngapi alitoka kabla ya jogoo wa pili, hawezi kirahisi kusema, “Yule ana bahati.” Akilisema hilo neno ulimi utamkwaza.

Na bustani za wote nazo zina akina Ahabu wao. Nyinyi mnaopanda basi kwenda Nairobi na kupumzika chini ya miti ya Uhuru Park mngoje jioni, kumbukeni kwamba mwaka 1989 ulikuwako mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kuupinga, akatukanwa hadi Bungeni, na mpango ukaachwa. Nyasi mnazozikalia zina mtu aliyezichimbia.

Iko sababu nyingine ya kutembeleana, ya kawaida tu, nayo ni nzi wa matunda. Yule nzi mgeni aliyeonekana nchini mara ya kwanza mwaka 2003 hajui ua wala hatimiliki. Embe zilizooza zikiachwa chini ya miti ya mmoja, majirani wote wanavuna funza. Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi huyo, na ilirejea tena 2021. Wenzetu wa Makueni wamejifunza kwamba mitego ya mkulima mmoja haitoshi mpaka kijiji kizima kitege na kuzika matunda yaliyoanguka. Kwa hiyo ukiingia kwa jirani ukaona maembe yaliyooza, usiende kumsimulia sokoni. Mwambie palepale, kwa heshima, kisha inama mwokote pamoja.

Nanyi mtakaotembelewa, msitupeleke tu upande ulio mzuri. Tuonyesheni mstari uliokufa, mpapai ulioliwa na mchwa, tuta lililopasuka. Mgeni hujifunza zaidi hapo. Na msihangaike kuchinja kuku ishirini. Uji na viazi vitamu vinatosha, maana tukifanya kupokea wageni kuwa gharama kubwa, maskini hatatukaribisha kamwe.

Napendekeza tufanye hivi Jumamosi zilizobaki kabla ya mvua. Kila mgeni aje na jembe au sululu, na kabla ya maombi ya mwisho kila mmoja achimbe shimo moja katika shamba la mwenyeji, au wawili wasaidiane kama udongo ni mgumu. Watoto watabeba samadi. Wazee watakaa kivulini watueleze shamba hilo lilivyokuwa zamani, mvua ilipokuwa nyingi, na ni nani aliyelifyeka kwanza.

Orodha ya watakaotembelewa imeshaanza kuandikwa, na nimeona ina majina ya wenye ekari tu. Tafadhali iandikwe upya. Wako akina mama hapa mjini wanaoishi vyumba vya kupanga, wenye sukuma wiki na mchicha kwenye magunia mawili au matatu nyuma ya jiko, wakinywesha kwa maji yaliyooshea mboga kwa sababu mtungi mmoja unanunuliwa kutoka kwa mkokoteni. Hawana mahali pa kuchimba shimo, na baadhi yao wameniambia hawadhani kwamba walicho nacho ni bustani. Ziara ya kwanza iwe kwao. Tutagawanyika makundi madogo tuweze kuenea uani, na badala ya sululu kila mmoja abebe debe la samadi iliyoiva.