JE, MWENYE KOSA AKATE RUFAA?

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Mama mmoja wa hapa Luano aliniuliza: "Shehe, mtoto wangu amefungwa Kasapa kwa kuuza bangi. Aliuza kweli. Tukikata rufaa, si tutakuwa tumesema uongo mbele ya Mungu?"

Nilimjibu: Mama, rufaa si uongo. Kosa ni jambo moja, kipimo cha adhabu ni jambo lingine. Hakimu ni binadamu, anaweza kuzidisha. Sheria ya Kongo inatoa siku 10 za kukata rufaa; zisipite bure. Mtoto aseme: niliuza, kiasi ni hiki, nipimieni kwa haki. Allah ametuamuru uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu (An-Nisaa, 135).

Lakini akikana alichofanya, au mkimpelekea hakimu matabishi, hilo ni kosa la pili, na ninyi mmeshiriki. Ndugu wawili Akasha wa Mombasa walikiri huko New York mwaka 2018, katika kesi ya heroini, na pia kwamba waliwahonga wakubwa wa Kenya wasipelekwe Marekani. Hongo iliwachelewesha tu: walipelekwa 2017, Baktash akahukumiwa miaka 25, Ibrahim 23.

Tena tusisahau: vijana waliovutishwa ile bangi nao wana mama zao. Wao watakata rufaa wapi? Mtoto akitoka, aanze kwao, awaombe msamaha.

Ya Allah, tupe haki, na utupe moyo wa kuikubali. Amin.