Sumu Mnayoikataa na Sumu Mnayoinunua

Wanangu wa Karagwe na Kyerwa, kaeni. Neno hili nimelisema barazani, nimelisema hata msibani, na leo nalirudia ingawa nimechoka.

Kuna wanaofunga milango wapuliziaji wa dawa ya mbu wakija. Sumu itaharibu kahawa, wanasema, na nyuki watakufa. Hofu hiyo siidharau. Mwaka 2008, jirani zetu wa Uganda walipopulizia DDT kule Apac na Oyam, wafanyabiashara wa mazao ya kilimo hai walikwenda mahakamani na kazi ikasimamishwa. Anayeuza kahawa nje ana haki ya kuuliza ni dawa gani inaingia nyumbani kwake. Basi ulizeni. Toeni buni na maharage nje kabla bomba halijaingia ndani.

Lakini mbona hamuulizi hivyo kuhusu sumu mnayoinunua wenyewe? Nimeingia nyumba iliyomfukuza mpuliziaji, nikakuta chumba cha watoto kinanuka dawa ya nyanya. Ilibaki kwenye bomba baada ya kazi ya shamba, ikamaliziwa ukutani ili kuua mbu. Chupa yake imesuuzwa, imetiwa mafuta ya taa, imewekwa dirishani juu ya kitanda cha mtoto. Dawa ile nani aliipima kwa pumzi ya mtoto?

Tena kuna madhara yanayokuja polepole. Upuliziaji ulipoanza Muleba na Karagwe, karibu mwaka 2007 na 2008, dawa ilikuwa ya jamii ile ile inayotiwa kwenye vyandarua, na dawa nyingi za mashambani ni za ukoo huo. Haikupita miaka mingi, mbu wa Muleba wakawa wanatua juu yake na kuruka zao. Ikabidi itafutwe nyingine. Mnapomwaga sumu ovyo mabondeni, viluwiluwi vinavyosalimika ndivyo vinavyozaa kizazi kisichoogopa chandarua.

Na tusitegemee kwamba mtoto akiugua vidonge vitamponya tu. Bado vinaponya, mpelekeni zahanati mapema. Ila vimelea vya malaria vilivyoanza kuhimili artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, vile vilivyoonekana Rwanda, sasa vimeonekana hapa kwetu Karagwe na Kyerwa. Hili linaninyima usingizi kuliko yote, kwa maana nimezika watoto wa ndugu zangu zama zile dawa ya zamani ya malaria iliposhindwa, na sitaki kushika jembe la namna hiyo tena.

Kwa hiyo wapuliziaji wakija, fungueni. Kaeni nje hadi saa mbili zipite, kisha fungueni madirisha hewa ipite. Wadudu waliokufa wafagieni mkawatupe chooni, kuku wasiwadonoe. Ukuta msiukandike upya wala kuuosha, mtaifuta dawa. Chandarua kilale na mtoto, kisifunike miche. Na chupa za shambani zitoboeni leo hii.