Fimbo Ishike kwa Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu, jana nilikuona unatoka chumbani na fimbo umeishika kulia, upande uleule wa paja lililovunjika. Nilinyamaza kwa kuwa palikuwa na wageni. Leo tuko wawili, nisikilize.

Miaka mingi nimewafundisha kutembea upya watu waliovunjika miguu, na wengi huanza hivyo hivyo. Mtu hutaka kuukinga mguu unaouma. Lakini ukumbuke mzegazega. Mti ukikaa begani katikati, mizigo hulingana. Upande mmoja ukiwa mrefu, mbebaji lazima auvute kwa mkono ule upande mfupi, na bega hubeba mzigo pamoja na nguvu ya mkono wake. Nyonga yako ya kulia ndiyo bega hilo. Ukiinua mguu wa kushoto, mwili wote umening'inia upande mrefu, na misuli ya ubavuni mwa nyonga inavuta upande mfupi kwa nguvu kubwa kuliko uzito wako. Mtu wa kilo 60 kama wewe, nyonga yake hapo hubeba kama kilo 150, gunia la mahindi na nusu. Fimbo ya kushoto iko mbali na nyonga hiyo, basi ukiigandamiza kidogo tu, misuli inapata nafuu kubwa. Ukiishika kulia, unalazimika kuilalia, nafuu yenyewe haba.

Wala usidhani basi dawa ni kulala. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kuufuata mzigo unaobebeshwa. Ndiyo maana wanaanga wakikaa miezi huko juu, mifupa yao hupungua. Zamani paja likivunjika tulimlaza mtu wiki kadhaa, kamba mguuni, uzito ukining'inia mwisho wa kitanda. Mfupa uliunga, ila goti lilikakamaa. Nilimwona kijana wa umri wako akilia kwa sababu hawezi tena kulikunja goti asujudu. Sijamsahau.

Wewe umewekewa chuma ndani ya uwazi wa mfupa, njia aliyoianzisha Gerhard Küntscher huko Ujerumani mwaka 1939. Kikiwa katikati, mzigo hupita kukifuata. Kingekuwa kando, kila hatua ingejaribu kukikunja zaidi. Lakini chuma nacho huchoka. Mfupa ukichelewa kuunga nawe unaparamia bodaboda, kitakatika kama waya uliokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Daktari amekuruhusu nusu ya uzito wako. Si robo kwa woga, wala si wote kwa ujana.

Kesho asubuhi nakuja na mizani ya kupimia watu. Utaukanyagia mguu wa kulia mpaka isome 30, tena na tena, hadi unyayo uijue 30 bila macho kutazama. Ukipanda ngazi tangulia na mguu mzima, ukishuka tangulia na huo unaouma pamoja na fimbo. Mimi nitasimama kulia kwako. Kushoto ni kwa fimbo.