Je, Iko Bustani Isiyotaka Kazi?

Safari hii twapenda kusema juu ya jambo dogo lililo mbele ya milango yetu, yaani magugu katika tuta la maua. Huenda mmoja wenu akauliza kama gazeti la Kanisa limekosa neno kubwa zaidi. Maneno makubwa yapo, nayo hayatakimbia. Lakini tabia ya mtu huonekana wazi katika kazi ndogo anayopaswa kuirudia kila wiki, hasa ikiwa hakuna anayemtazama.

Atokaye mjini Dodoma kwa barabara iendayo Morogoro hufika Nzuguni, mahali panapojulikana kwa maonyesho ya Nane Nane. Tangu ilipotangazwa mwezi wa Julai 2016 kwamba serikali yahamia Dodoma, nyumba nyingi mpya zimejengwa upande huo, na mbele ya nyumba hizo mara nyingi waona bogenvilia ukutani, mishubiri miwili mitatu, na pengine waridi. Mwenye nyumba huondoka alfajiri, hurudi jioni. Basi akimwita fundi wa bustani humwambia hivi: “Nipandie maua yasiyotaka kazi.”

Ombi hilo si baya. Nchi ile ni kame. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Kuchagua mimea inayovumilia kiu ni busara. Ila mvua ya kwanza ikigusa udongo, kabla waridi halijafungua jicho, ndago imekwisha kusimama.

Wakulima wa mtama na uwele hawahitaji kufundishwa habari za magugu sugu. Wao wamekijua kiduha, ambacho mbegu zake hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikiungoja mzizi wa mtama. Lakini wengi wa wageni wa mjini hawaijui ndago. Juu ni jani jembamba ling'aalo, na shina lake lina pembe tatu. Chini ndiko kuliko na habari yenyewe: vijiazi vidogo vyeusi, vimefungamana kwa nyuzi mfano wa punje za rozari, tukiruhusiwa kusema hivyo. Kijiazi kimoja kikichipua, wenzake walio katika uzi uleule aghalabu hulala. Mtu akija na jembe kwa hasira akaukata uzi huo vipande vipande, kila kilicholala huamka, na palipokuwa na shina moja huota matano. Aking'oa jani peke yake, kijiazi hubaki na kuleta jingine. Akitandika nailoni na kumwaga kokoto juu, ncha ya ndago huitoboa nailoni kama sindano. Na mara nyingi gugu hilo halikutoka mbali: lililetwa na lori pamoja na udongo mzuri ulionunuliwa kwa ajili ya maua.

Hapo ndipo watu hukimbilia sumu. Sumu ya magugu yaweza kuiua ndago, hatubishi. Lakini mpulizo mmoja hautoshi, kwa kuwa vijiazi vilivyolala havikuinywa. Hapana budi kurudia mara kwa mara. Basi twauliza: ni nani abebaye bomba mgongoni? Mara nyingi ni kijana wa kibarua, amevaa ndala, hana kifuniko cha pua wala mipira ya mikono, naye mwenye nyumba yuko ofisini. Jioni bwana hutazama tuta lake safi, akasifu kwamba kweli bustani yake haitaki kazi.

Bustani ya namna hiyo haiko duniani. Ilivyo kweli ni kwamba kazi imetwikwa mtu mwingine, ikafichwa machoni pa anayefurahia matunda yake. Nasi hatusemi juu ya maua peke yake. Nyumba ngapi husifiwa kwa usafi, na binti anayezisafisha hajaulizwa analala saa ngapi? Baba wangapi hujivunia watoto wenye adabu, ambao adabu yao yote ni jasho la mama yao? Kumwajiri mtu si dhambi. Kumpa mtu kazi na ujira ni jambo la heshima. Dhambi huanza pale tunaposema kwamba kazi hiyo si kitu, tukailipa kama isiyo kitu. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, kwamba ujira haupimwi kwa mapatano peke yake. Yapasa umtoshe mfanyakazi kwa maisha ya kiasi. Sisi twaongeza, kwa habari ya kijana wa Nzuguni, kwamba viatu na kifuniko cha pua ni deni la mwenye nyumba. Hayo yote asiyaite sadaka.

Liko swali jingine, gumu zaidi. Mtu aweza kusema: “Nikipalilia leo, baada ya wiki tatu yamerudi. Kazi isiyokwisha yafaa nini?” Swali hili si la wavivu tu. Wengi wamelisema kimoyomoyo wakitoka katika kitubio, wamekwisha kuungama dhambi ileile ya mwezi uliopita. Mama humwambia mwanawe neno lilelile kwa mwaka wa kumi. Mume na mke husameheana kosa walilokwisha kusameheana.

Yohane Kasiano, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tano, asimulia habari za Abba Paulo, mtawa wa jangwani. Huyu alikuwa na tende na bustani ndogo za kumtosha chakula chake. Tena alikaa mbali sana, hata nauli ya kupeleka vikapu mjini ingalizidi bei yake. Walakini alikusanya makuti na kusuka kila siku kana kwamba ataviuza, na mwaka ulipotimia, pango likiwa limejaa, alivichoma moto vyote akaanza tena. Alifanya hivyo ili moyo wake usioze kwa uvivu.

Twamheshimu Abba Paulo, lakini twakiri kwamba twampenda zaidi apaliliaye. Vikapu vya mtawa havikumfaa mtu mwingine. Tuta lililopaliliwa humfaa waridi, na nyuki, na jirani apitaye. Hata gugu likirudi, siku zile ambazo halikuwapo zilikuwa siku halisi, na ua lililochanua ndani yake lilichanua kweli. Yeye asemaye kwamba kazi imepotea kwa sababu imerudi, na aseme pia kwamba chakula cha jana kilipotea kwa sababu leo ana njaa.

Wako tena wanaoutaja mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, ambapo watumishi walikatazwa kung'oa magugu katikati ya ngano. Husema, Je, hatukuambiwa tuyaache? Lakini Bwana mwenyewe alieleza kwamba shamba lile ni mfano wa ulimwengu, na kwamba magugu ni watu. Tulikatazwa kung'oana sisi kwa sisi. Hatukupewa ruhusa ya kustarehe na maovu ya mioyo yetu, wala na ndago ya uani. Ajabu ni kwamba wengi hugeuza amri hiyo: yao huyaacha yakue hata mavuno, na ya jirani huyapalilia kila siku kwa ulimi.

Basi mtu asiye na nafasi afanye nini? Kwanza apunguze tuta. Hatua tatu kwa mbili, linalotazamwa kila Jumamosi, ni bustani. Hatua ishirini zilizoachwa kwa kibarua na bomba ni majivuno tu. Na watoto wa nyumba wapalilie pia, hata kama yuko mtumishi, ili wajue maua hutoka wapi. Chipukizi la ndago ling'olewe kabla halijatimiza wiki tatu, maana likipita hapo laanza kutengeneza vijiazi vipya. Ndago pia haipendi kivuli, kwa hiyo ardhi tupu katikati ya maua ifunikwe kwa mmea utambaao. Wengine hutumia viazi vitamu, wakapata na matembele ya jikoni.

Tena kiangazi cha Dodoma, ambacho twakilalamikia sana, hapa ni msaidizi wetu. Mwezi wa Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu, tuta lichimbuliwe polepole kwa uma wa bustani, kwa kina cha shibiri moja na kuzidi kidogo, nyuzi zifuatwe bila kukatwa, na vijiazi vikusanywe katika ndoo. Visitupwe shimoni wala kwenye samadi, kwa kuwa huko vitaota. Vitandazwe juu ya bati, vipigwe na jua la wiki mbili, mpaka vikibonyezwa vivunjike vikavu. Vichache vitabaki ardhini. Hivyo vitajionyesha vyenyewe Desemba, mvua itakapofika.