Kununua na Kumiliki

Mtu akinunua jembe huwa ni lake. Hulimia shamba lake au humwazima jirani, mpini ukivunjika hutia mwingine, akilichoka huliuza. Mhunzi hana neno tena juu ya jembe lile. Hivi ndivyo watu walivyofahamu maana ya kununua tangu masoko yalipoanza, wala neno hilo halikuhitaji ufafanuzi. Lakini zama zetu zimeleta bidhaa ambayo mtu huilipia kwa fedha zake na kuitia nyumbani mwake, huku aliyeiuza akibaki ameshika ufunguo. Bidhaa hiyo ni diski ya filamu, na swali la insha hii ni kama ununuzi wa namna hiyo ni wa haki.

Yafaa kwanza tulijue kufuli lenyewe. Diski za DVD zilifungwa kwa maandishi ya siri, yasiyosomeka ila na mashine iliyopewa ufunguo. Tena dunia iligawanywa katika maeneo, na diski ya eneo moja ilikataliwa na mashine ya eneo jingine. Tanzania na India ziliwekwa katika eneo la tano, Oman katika eneo la pili. Basi diski iliyonunuliwa Mumbai iliweza kusomwa na mashine iliyouzwa kwa ajili ya Unguja, bali ile ya Maskati ilikataliwa, ingawa majahazi yameziunganisha bandari hizo tatu kwa karne nyingi. Kufuli hilo lilivunjwa mwaka 1999. Kijana mmoja wa Norway, Jon Lech Johansen, alishtakiwa kwa sehemu yake katika kazi hiyo. Mahakama ya Oslo ikamwachilia mwaka 2003, kwa kuwa hakuna kosa katika kufungua diski uliyoinunua kwa halali.

Mwaka 2006 zikaja diski za Blu-ray, zenye picha ang'avu zaidi na kufuli kali zaidi. Ufunguo wa mashine ukivuja, wenye diski huufuta, na diski zitengenezwazo baadaye huikataa mashine ile mpaka ipate ufunguo mpya, aghalabu kwa njia ya intaneti. Aidha mashine zilizotengenezwa baada ya mwaka 2013 zilikatazwa kupeleka picha za diski hizo katika televisheni kwa nyaya za kizamani.

Fikiri mambo hayo yakimfika mkulima wa Michenga, pale Ifakara katika bonde la Kilombero. Ameuza mpunga wake, akanunua mashine na diski kwa bei kamili. Televisheni yake ni ya zamani, lakini yafanya kazi. Mashine mpya haiitambui. Intaneti haimfikii vyema. Ufunguo mpya haumfikii vilevile. Diski yake yaparuzwa na vumbi la kiangazi na mikono ya watoto. Angependa kutoa nakala moja ya kutazamwa na kuihifadhi ile ya asili, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilimruhusu mtu kunakili kazi iliyotolewa kwa halali kwa matumizi yake binafsi. Bunge limempa ruhusa, na kiwanda cha ng'ambo kimemnyima. Nani alikipa kiwanda hicho kiti cha kutunga sheria Ifakara?

Msomaji atanijibu kwamba msanii naye ana jasho lake. Ni kweli, wala jawabu hilo halifai kudharauliwa. Filamu huchukua miezi na fedha nyingi kutengenezwa, na haramia huinakili kwa dakika chache. Watengenezaji wa filamu za Kiswahili wanajua uchungu wa kuikuta kazi yao ikiuzwa barabarani na mtu asiyewajua. Mkulima wetu atasema kwamba yeye huweka sehemu ya mpunga wake kuwa mbegu ya mwaka ujao, wala aliyemwuzia mbegu ya kwanza halalamiki. Lakini mfano huo una kasoro. Mpunga hauzai tena bila jembe, mvua na kungoja. Nakala ya filamu huzaliwa bila jasho lolote. Kwa hiyo msanii anastahili ulinzi. Shaka yangu si juu ya haki yake ya kulindwa, bali juu ya chombo alicholindiwa.

Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilianza utaratibu wa stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu. Stempu hubandikwa nje, kila mtu akaiona. Asiyekuwa nayo aulizwe, ajibu mbele ya sheria. Yaweza kughushiwa, lakini haimfuati mnunuzi sebuleni kwake wala haiichagui televisheni yake. Kufuli hufanya kinyume: humhukumu mtu kabla hajakosa, nalo halina sikio la kusikia utetezi. La ajabu ni kwamba adhabu yake humwangukia mwaminifu. Haramia amekwisha kulivunja, na nakala anayoiuza haina kufuli. Anayesumbuka ni yule aliyelipa.

Kufuli hilo halijui hata tarehe. Kwa sheria ile ya mwaka 1999 filamu hulindwa kwa miaka 50, kisha huwa mali ya watu wote. Miaka hiyo ikiisha haki ya mwenyewe hukoma, lakini kufuli halitajifungua.

Wala halimpambanui mwizi na mfasiri. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alipata sifa Tanzania kwa kuzisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili, nao watu wakajazana katika vibanda vya video kumsikiliza. Kazi ya namna hiyo, ikifanywa pasipo idhini ya mwenye filamu, yaweza kulaumiwa kwa sheria, nami sikusudii kuitetea yote. Hata hivyo wasimulizi hao ndio waliompa mtu asiyejua Kiingereza wala Kihindi nafasi ya kuelewa alichokitazama, hali wenye filamu hawakumfikiria. Hakimu aweza kupima faida na hasara ya tendo kama hilo. Kufuli haliwezi, maana halina dhamiri.

Basi nasema hivi. Anayetaka kuuza kitu chenye kufuli aichukue na mizigo ya mwenye kufuli. Amwambie mnunuzi kabla ya kupokea fedha, kwa lugha anayoielewa, ni mashine gani na nchi gani diski itakataa. Ikiharibika, ampe nyingine kwa gharama ya sahani tupu, kwa kuwa filamu amekwisha kuilipia. Muda wa haki ukiisha, atoe ufunguo. Akikataa masharti hayo, asiseme ameuza. Aseme amekodisha, na bei ishuke ilingane na neno. Mnunuzi naye awe na wajibu wake: nakala aliyoitoa kwa ajili ya nyumba yake asiipeleke sokoni.

Leo diski zinapungua, na filamu nyingi hutazamwa katika simu, hata diski yenyewe haipo mkononi. Jambo hilo halikulifuta swali, limelikuza. Kwani mwenye diski alikuwa na kitu cha kushika akidai haki yake, ilhali mtazamaji wa leo aweza kuamka akakuta filamu aliyoilipia imeondolewa. Kwa hiyo twahitaji kuilinda maana ya neno kununua. Neno hilo likipotea, mtu atalipa maisha yake yote na kufa mpangaji katika nyumba aliyodhani ni yake.