Mzuka katika Nyumba ya Urithi

Twaulizwa na walimu wenzetu kama ni vema kuwapa vijana hadithi za mizuka, hasa zile za nyumba kubwa ya kale ambamo ukoo umeficha jambo, na usiku nyayo zasikika darini. Wengine wasema kwamba hadithi hizo zatia hofu bure na kukuza imani ya uchawi. Hatuyakatai maneno hayo yote. Walakini tumeona kwamba kijana aliyechoshwa na vitabu vingine vyote husoma kitabu cha namna hii mpaka mafuta ya taa yamekwisha. Hofu peke yake haiwezi kufanya hivyo. Fisi naye anatisha, wala hakuna amfuataye gizani ili ajue mwisho wa habari zake.

Tutazame kitabu kimoja, alichokitoa Nathaniel Hawthorne wa Marekani mwaka 1851, juu ya nyumba ya mbao yenye vilele saba vya paa. Kanali Pyncheon alitamani kiwanja cha Matthew Maule, mtu maskini. Maule akashtakiwa uchawi, na Kanali akawa miongoni mwa waliopiga kelele sana anyongwe. Alipokuwa chini ya kitanzi, Maule alimlaani adui yake kwa laana ya damu. Kanali akajenga nyumba palepale. Na siku ya kuwakaribisha wageni alionekana amekaa kitini, amekufa, ana damu ndevuni. Baadaye wengine wa ukoo wake walikufa vivyo hivyo. Ni laana, au ni maradhi yarithiwayo? Hawthorne atuachia njia zote mbili. (Muhammed Said Abdulla hakufanya hivyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960: watu wasema mzimu umeua, na Bwana Msa atafuta mkono wa mwanadamu.)

Basi utamu wake u wapi? Twadhani ni huu. Mtoto hukua nyumbani akijua kwamba liko jambo lisilosemwa. Kuna jina ambalo likitajwa wazee hukohoa. Kuna shamba ambalo baba hapendi kuulizwa lilipatikanaje. Kuna mjomba asiyefika mazikoni. Akiuliza, huambiwa akacheze nje. Kisha asoma kitabu ambamo kuta zenyewe zasema, naye aona kwamba hakuwa mpumbavu kuhisi alivyohisi. Mzuka ni shahidi ambaye hakuitwa barazani, akaja mwenyewe.

Hawthorne aliyajua hayo kwao. Babu wa babu yake, John Hathorne, alikuwa mmoja wa mahakimu wa Salem mwaka 1692, walipowahukumu watu kwa uchawi. Kumi na tisa walinyongwa, na mzee mmoja aligandamizwa kwa mawe hata akafa. Hakimu mwenzake, Samuel Sewall, mwaka 1697 alisimama kanisani Boston mbele ya watu wote, toba yake ikasomwa. Hathorne hajulikani kuwa alifanya hivyo. Hatushangai kwamba aliyeandika kitabu cha laana alitoka katika ukoo wa yule aliyenyamaza.

Lakini tuna neno la kulalamika. Laana ni kitu chepesi kuliko deni. Laana humwangukia mtu amekaa, wala haimtaki ainuke. Deni lataka arudishe. Katika kitabu hiki akina Pyncheon watetemeka kizazi baada ya kizazi, wala hakuna arudishaye kiwanja. Mwishoni msichana wao aposwa na kijana wa ukoo wa Maule, wote wakahamia nyumba nyingine nzuri kwa mali ya ndugu aliyekufa. Harusi ni njema, lakini sisi tulifunga kitabu kama watu waliotoka barazani kabla ya hukumu. Na nyuma ya picha ya Kanali ilifichwa hati ya nchi pana, iliyotiwa alama na wakuu wa wenyeji wa asili wa Marekani. Hati ile yahesabiwa kuwa utajiri uliowapotea akina Pyncheon, basi. Wenyeji hao hawakupewa mzuka hata mmoja.

Kwa hiyo twajibu: wapeni vijana vitabu hivi, kisha waulizeni ni nani katika kisa hakurudishiwa chake. Huko Massachusetts alikuwako msichana aitwaye Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kufa mwaka 1693, asinyongwe. Majina ya wengine yalipotakaswa kwa sheria, lake liliachwa, na hakuwa na watoto wa kumsemea. Wanafunzi wa shule moja ya North Andover, pamoja na mwalimu wao, waliisoma habari yake, wakaandika barua kwa wakubwa wa serikali, wakaendelea kuandika, hata mwaka 2022 sheria ikamtakasa. Hawakuwa wa ukoo wake.